Waya wa Guleid

Mashua iliingia Isiolo Jumatatu moja ya mwaka wa sitini na sita, ikiwa imepanda lori. Miaka ile ya vita vya shifta, wale waasi waliotaka kujitenga, hakuna kitu kilichopita kizuizi cha kwenda kaskazini bila kuulizwa jina la baba yake. Gunia la mahindi lilidungwa chuma mpaka likakiri. Bunda la miraa lilifunguliwa kijiti kwa kijiti, na vijiti vingine havikurudi kwenye bunda. Sasa fikiria mashua ya mbao, futi ishirini na mbili, tumboni ina injini ya dizeli, inafika mji ambao maji yenyewe yanaletwa na punda, na jua linayeyusha lami ambayo serikali ilikuwa bado haijaiweka.

Watu walikuja kuigusa. Mzee mmoja wa Kipsing aliizunguka mara tatu, akainama chini, akauliza magurudumu yameibwa na nani.

Mwenyewe alikuwa mzungu aliyekuwa na kambi ya kuvua samaki kule Ziwa Rudolf, sisi tukimwita Bwana Samaki. Mashua yake ya kwanza iliunguza injini katikati ya ziwa kwa sababu hakukuwa na kitu cha kumwambia kwamba maji ya kupoza yameziba. Alielea siku mbili akitazamana na mamba. Safari hii alitaka geji nne: ya presha ya oili, ya joto la maji, ya chaji ya betri, na ya kuhesabu mizunguko ya injini. Zilikuja kwenye sanduku lililojaa maranda, pamoja na vile vijichwa vya shaba vinavyochomekwa kwenye injini ili vinuse kinachoendelea ndani na kupeleka habari mbele kwa waya. Siku hizi mafundi wanaviita sensa. Sisi tuliviita pua.

"Umewahi kufunga geji za mashua?" Bwana Samaki aliniuliza.

"Miaka mitatu Kilindini," nikamjibu. "Meli zilikuwa zinapanga foleni."

Kilindini sikuwa nimeiona hata kwenye kalenda. Maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni Ewaso Nyiro ikiwa na hasira. Lakini malori niliyajua. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kufungua vitu vya watu na kukataa kuvirudisha mpaka nivielewe. Na injini ni injini, nikajiambia, iwe inasukuma gurudumu au inasukuma samaki.

Bwana Samaki akatangulia kwa ndege ndogo, akaacha amri kwamba mashua iondoke na msafara wa jeshi Alhamisi asubuhi. Ukikosa msafara ulingoja majuma mawili, kwa sababu lori lililokwenda kaskazini peke yake lilikuwa linajitafutia kaburi.

Mwenzangu wa umeme alikuwa Guleid. Baba yake alikuwa Msomali wa Isahakia, askari wa mfalme aliyefika mpaka Burma, akapewa medali na ruhusa ya kukaa Isiolo. Guleid mwenyewe alizaliwa hapa hapa, akajua Kimeru cha kununulia viazi na Kiborana cha kununulia maziwa. Lakini miaka ile jina lake peke yake lilitosha kumsimamisha juani nusu saa kila kizuizi. Labda ndiyo sababu alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi nilisema kwa niaba yetu sote wawili, na salio likabaki.

Jioni ya Jumatatu hiyo waya wa simu ulikatwa karibu na Ngaremara. Kufikia Jumanne asubuhi mji mzima ulikuwa ukitazamana kwa jicho la pembeni. Mwuza sukari alimtazama mwuza chumvi. Punda wawili wa maji walisimama mbali mbali.

Sisi tulikuwa uani, mashua ikiwa imekalia mapipa, tukifanya kazi. Dashibodi yake ilikuwa ubao mwekundu mzuri, umepigwa vanishi ukang'aa kama paji la uso la chifu. Nikatoboa matundu manne, nikaziketisha geji, nikachomeka pua zake kwenye injini. Guleid akavuta nyaya kutoka nyuma kwenye injini mpaka mbele, waya mmoja kwa kila geji, kama tulivyofanya kwenye malori. Alipomaliza akasimama, akaitazama dashibodi muda mrefu, akaigonga kwa kucha.

"Fundi," akasema, "huko Kilindini athi mlikuwa mnaitoa wapi?"

"Athi ni athi," nikamjibu, kwa sababu sikujua anauliza nini na sikutaka ajue kwamba sijui.

"Haye," akasema, akarudi kwenye nyaya zake.

Adhuhuri akaenda kusali. Alirudi amechelewa, kwapani amebana gunia, akalisukuma chini ya mbao za mbele ya mashua kama mtu anayeficha mwana. Mimi nilikuwa nyuma ya injini; hakuniona. Alipokwenda kunawa mafuta nikalivuta gunia kidogo. Ndani palikuwa na duara la waya. Gunia lilikuwa limekunjwa, sikuona sana, ila ncha mbili zilizochunwa, shaba inametameta.

Nikalirudisha.

Nikaanza hesabu. Jumatatu Guleid aliondoka kazini saa kumi. Kafyu ilikuwa saa kumi na mbili. Je, mtu anaweza kwenda Ngaremara na kurudi kwa baiskeli kwa saa mbili, apande nguzo, akate waya? Nikaona anaweza, kama upepo utamsukuma wakati wa kwenda, halafu ugeuke umsukume wakati wa kurudi. Na kwa hofu niliyokuwa nayo, niliuamini upepo huo. Na kwa nini mtu aliyekaa nami miaka minne anifiche gunia? Nikamtazama akinawa. Hata sabuni nikaona anaipaka kwa namna ya kutia shaka.

Nikaenda kwa mama Asho kunywa chai, nipumue. Kosa langu likaanzia pale, kwa sababu kwa mama Asho sijawahi kunywa chai nikiwa nimefunga mdomo.

"Kaburu," mmoja akaniuliza, "hizo saa nne za mashua ni za nini? Samaki wanaenda kazini?"

"Si saa. Ni geji," nikasema. "Moja inasikia oili. Moja inasikia moto. Moja inasikia betri. Hiyo ya nne, ukiielekeza Burat, inakuhesabia askari waliomo kambini, na waliovua viatu inawaweka kando."

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mama Asho akanipiga bega kwa kitambaa. "Mwongo wewe! Siku utakayokufa tutangoja siku tatu tuhakikishe."

Mmoja hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kona, mgongo ukutani, kofia magotini. Sajini Marete wa kizuizi. Akamaliza chai yake taratibu, akasimama, akaniita nje kwa kidole.

"Kaburu."

"Afande."

"Wewe ni wa kwetu. Mama yako na shangazi yangu wanateka maji mto mmoja. Niambie kama mtu na ndugu yake. Hiyo ya nne inahesabu nini?"

"Afande, ule ulikuwa mchezo. Inahesabu mizunguko ya injini."

"Mchezo." Akalitafuna hilo neno. "Waya wa simu umekatwa, magari yanakanyaga mabomu barabarani, na wewe unafanya mchezo wa kuhesabu askari. Hizo geji zina waya?"

"Zote zina waya."

"Waya huo ulitoka wapi?"

"Sandukuni. Ulikuja pamoja na geji."

"Ni huo tu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ndiyo. Neno moja, silabi mbili. Lakini nilikuwa na gunia kichwani, nikasema, "Gunia la Guleid sijui lina nini, afande. Muulize mwenyewe."

Sajini akatazama upande wa uani. Akavaa kofia.

Asubuhi ya Jumatano nilipofika uani nilikuta Guleid amesimama kando ya mashua, ana pingu, askari wawili ubavuni, na gunia lake limewekwa juu ya pipa kama mzoga. Shati lilikuwa na vumbi mgongoni. Watu walikuwa wamejaa ukutani. Lori la kupeleka mahabusi Nanyuki lilikuwa linaondoka saa sita mchana. Waliopanda lori lile na pingu mwaka ule, wengine tulipata habari zao kwa barua moja, wengine mpaka leo bado tunangoja.

Sajini Marete akanisalimia mimi peke yangu. "Kaburu amesema vitu hivi vinapima joto na oili," akatangaza, ili kila mtu asikie. "Nataka kuona kwa macho. Vikipima, huyu ni fundi, atarudi kwake. Visipopima, basi ni vyombo vya shifta, na huyu atapanda lori. Washa."

Nilitia mpira wa kufyonza maji kwenye pipa lililojaa, nikafungua dizeli, nikawasha. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Kwenye uwanja mkavu namna ile, sauti yake ilikuwa kama simba amefungiwa chooni. Watu wakarudi nyuma. Mimi nikatazama geji.

Mishale ililala.

Nikangoja. Dakika tano. Kumi. Nikaigonga geji ya joto kwa kidole. Mshale ukatikisika kidogo kama mlevi aliyeitwa jina, ukalala tena. Wa oili nao hivyo hivyo. Nikashika bomba la injini, likaniunguza vidole viwili.

"Kaburu!" mama Asho akapaza sauti kutoka ukutani. "Geji zako zimefunga Ramadhani?"

Watu wakacheka. Sajini akaja, akaweka kiganja karibu na injini, akakiondoa haraka. "Injini inachemka. Kitu chako kinasema ni baridi. Basi kinapima nini?"

"Afande, ngoja kidogo..." nikasema, nikaizima injini.

"Afande," Guleid akasema, "nifungulie mkono mmoja tu, dakika mbili..."

"Nyamaza wewe! Nikufungulie uguse?"

Guleid akashusha mikono yenye pingu. Hakunitazama usoni. Aliitazama dashibodi, kisha akaelekeza kidevu chake kwenye ule ubao mwekundu, mara moja, polepole.

Nikauona. Ee Mungu wangu, nikauona wote kwa mara moja. Umeme hauendi tu, lazima urudi. Kwenye lori hatukuhangaika na waya wa kurudi, kwa sababu lori lote ni chuma. Geji inakaa kwenye bati ya dashibodi, bati inashikana na chesisi, chesisi inashikana na betri, na umeme unarudi nyumbani kwa njia hiyo. Hiyo ndiyo athi. Lakini mashua ni mti. Geji zangu zilikuwa zimekaa kwenye ubao kama picha ukutani, umeme unafika hauna pa kurudia. Mtoto yeyote wa Lamu angejua hilo. Mafundi wa malori wa Isiolo, tuliolelewa na chuma na vumbi, nani angetuambia?

Guleid alijua. Alijua tangu Jumanne, alipoigonga kwa kucha. Na nikaelewa waya ule ulikuwa wa kazi gani.

Sajini akanisogelea, akashusha sauti. "Huyu ndiye aliyevuta nyaya, sivyo?"

"Ndiye."

"Basi ameziharibu makusudi. Wewe umefanya kazi yako, yeye ameharibu. Ndugu wa kwetu, sema tu hivyo, tumalize."

Nakuambia ukweli, na mimi si mtu wa kuutoa ovyo: niliufikiria. Sekunde tatu nzima. Ukutani walikuwa watu wote walionipa magari yao, na wote walikuwa wamesikia habari za Kilindini, jinsi nahodha wa meli alivyolia nilipoaga. Ilitosha kutikisa kichwa tu. Nikamtazama Guleid na lile vumbi la mgongoni.

"Hakuharibu," nikasema. "Ni mimi."

"Nini?"

"Ni mimi niliyekosea, afande! Nimefunga kama lori. Mbao haina athi. Nilipaswa kuweka waya wa kurudi, sikujua."

"Hukujua?" mama Asho akauliza. "Na Kilindini?"

"Sijafika Kilindini."

"Mombasa je?"

"Sijapita Thika."

Kicheko kilichotoka pale, naapa, kilisikika Ngaremara bila waya. Mzee mmoja alikaa chini. Nikangoja waishe. Walichukua muda.

Sajini hakucheka hata kidogo. Uongo wangu wa jana aliuamini. Ukweli wa leo ndio uliomtia shaka. "Na waya huu?" akasema, akalimwaga gunia. "Ulitoka wapi? Ngaremara?"

"Ni wa lori bovu la baba yangu," Guleid akasema. "Liko nyuma ya nyumba. Nenda ukaangalie lilipokatwa."

"Afande," nikasema mimi, "kile kipande cha waya wa simu uliokatwa unacho?"

Alikuwa nacho, kwenye mfuko wa shati, kama mtu anavyobeba picha ya mkewe. Akakitoa. Kilikuwa kitupu, kinene, kigumu kama spoki ya baiskeli. Nikaokota waya wa Guleid, nikauweka kando yake. Ulikuwa mwembamba, laini, nyuzi nyingi zimesokotwa pamoja, umevikwa mpira mweusi na kitambaa juu yake, unanuka grisi kuukuu. Ncha tu ndizo zilizochunwa, na ncha ndizo nilizokuwa nimeziona.

"Waya wa nguzoni hauvai nguo," nikasema. "Huu umevaa mbili."

Sajini akavipima vyote viwili kwa vidole. Akavinusa. Akauma ule wa Guleid.

"Funga," akaniambia hatimaye. "Wewe. Yeye asiguse kitu."

Nikapanda kwenye mashua na waya wa Guleid. Guleid akanielekeza kutoka chini, pingu mikononi, sauti tulivu kama anasoma orodha ya duka.

"Mgongoni kwa geji, kuna nati ndogo. Hiyo. Ruka kwenda ya pili. Zote nne, waya mmoja. Sasa upeleke nyuma. Si hapo, pana rangi. Kwangua kwanza. Kwenye bloku yenyewe."

Nikakwangua, nikakaza, nikawasha.

Mshale wa oili uliruka kama aliyechomwa sindano. Wa joto ukainuka polepole, ukapanda, ukapanda, ukasimama. Ukutani wakapiga makofi na vigelegele, kana kwamba ng'ombe amezaa mapacha. Sajini Marete akapanda mwenyewe, akaweka uso wake karibu na kioo.

"Kwa nini imesimama hapo?"

"Hilo ndilo joto lake, afande. Maji yanaipoza."

"Nikizuia maji?"

"Itapanda."

Akaukunja mpira kwa mkono wake. Mshale ukaanza kupanda. Akauachia, ukashuka. Akaukunja tena. Alifanya hivyo mara tano, kila mara akigeuka ghafla kutazama nyuma ya dashibodi, kama atamkamata mtu anayeusukuma. Kisha akashuka, akatoa ufunguo, akamfungua Guleid. Guleid akajisugua vifundo vya mikono, akaanza kukunja gunia lake.

"Lakini mimi," Sajini akasema, "siweki sahihi kwa kitu nisichokielewa. Aliyezifunga atasafiri na mashua mpaka ifike. Ndani yake. Ikilipuka, ilipuke na mwenyewe."

Pasi ya Guleid ilikuwa ya Isiolo tu. Nikabaki mimi. Ndivyo nilivyokuwa Mmeru wa kwanza kusafiri kwa mashua jangwani, na tangu hapo sijasikia wa pili.

Alhamisi asubuhi msafara ulijipanga kizuizini, magari ya jeshi mbele na nyuma, lori letu katikati, na mimi juu, nimekaa kwenye usukani wa mashua kama nahodha aliyekosea njia vibaya sana. Guleid akapanda kwenye gurudumu la lori kuangalia kamba. Akavuta moja, akavuta nyingine. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Nilitaka kuufunga ule waya Jumanne, ukiwa kwa chai, ila ulirudi mapema. Watu wasijue umesahau."

Nikaushika usukani.

"Gunia nililificha chini ya mbao," akasema. "Hakuna mtu aliyeingia uani. Sajini alijuaje?"

Nilikuwa na majibu saba, yote mazuri. Moja lilikuwa na nyani ndani yake. Mbele yetu injini za jeshi zikaanza kuwaka, moja baada ya nyingine.

"Mimi nilimwambia," nikasema.

"Najua." Akakaza fundo la mwisho. "Nilitaka kuona kama utanidanganya."

"Guleid, warya, nikirudi..."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa spana ndogo, akanipa. "Ile pua ya joto imekaa karibu na ekzosi. Lori likitikisika itaachia. Kila mkisimama, ikaze. Nusu mzunguko tu. Ni shaba, ukizidisha utaikata."

Akaruka chini. Akatembea kurudi mjini, gunia begani, hakugeuka, na kizuizini wakamsimamisha wakamwomba pasi.

Tulisimama Archer's Post saa nne. Wengine walishuka kunyoosha miguu. Mimi niliinama kwenye injini, nikatafuta ile pua kwa vidole, nikaikaza nusu mzunguko.